NYASI ZA KIVULINI KATIKA NGITILI

Kila mwenye ng'ombe katika Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ajua shida ya malisho ya Agosti hadi Oktoba. Wakati huo tazama chini ya mgunga. Mara nyingi utaona nyasi zingali mbichi, na za juani zimekwisha kukauka. Yafaa ujue sababu yake.

Kivuli hupunguza joto, udongo usikauke upesi. Tena majani ya mti yaangukayo, pamoja na mavi ya wanyama wapumzikao hapo, huongeza rutuba.

Lakini si nyasi zote zipendazo kivuli. Ukoka hudhoofika, gini, iliyo ndefu na yenye jani pana, hustawi. Nyasi ikiwa kivulini hubadili umbo: jani huwa pana na laini ili lipate mwanga, machipukizi huwa machache, na mizizi hupungua. Basi akiba yake ni ndogo. Ikiliwa mpaka chini, haichipui upesi kama ya juani. Na hapo ndipo ng'ombe hukusanyika mchana!

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Usikate miti yote. Kabla ya Uhuru, mapori mengi ya Usukuma yalifyekwa ili kufukuza mbung'o, na baadaye kulimwa pamba. Nchi ikawa tupu. Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), na ngitili nyingi zikarudishwa.

2. Miti isisongamane. Kata matawi ya chini ili mwanga wa asubuhi na jioni uzifikie nyasi.

3. Funga ngitili mvua zianzapo. Ifungue kiangazi, malisho ya nje yakiisha.

4. Watoe ng'ombe nyasi zingali na urefu wa shibiri moja. Usingoje mpaka ardhi ionekane.

5. Lima njia ya moto kuzunguka ngitili kabla ya kiangazi kukaza.

Ukiona udongo mtupu kuzunguka shina la mti, ujue ng'ombe wamekaa mno. Zungushia miiba mahali hapo, upapumzishe msimu mzima wa mvua. Nyasi utakayoiacha leo ndiyo itakayomlisha ndama wako Oktoba.