Wanaolilia Pombe ya Rahisi Wanalilia Mji

Katika Nyanda za Juu Kusini, hususan Mbeya na Iringa, yako mazungumzo yasiyokwisha kila watu wa makamo wanapokutana. Huanza kwa habari za mvua na bei ya mbolea, kisha huishia penye jambo moja: zamani pombe ilikuwa rahisi, na mji ulikuwa mji. Wa Iringa hutaja ulanzi unaogemwa katika mianzi wakati wa masika. Wa Tukuyu hutaja kimpumu, pombe nzito ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija. Wa Chunya hutaja komoni na pombe ya asali. Vijana wakisikia hucheka. Sisi hatucheki, kwa kuwa ndani ya maneno hayo imo hoja ambayo viongozi na wananchi hawana budi kuipima.

Tuseme mapema ili tusishukiwe. Sisi tumekaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani kabla ya kuingia shule ya serikali, na hukumu ya kileo twaijua. Hatukushika kalamu kumpamba mlevi, wala hatuwashauri ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wafungue vilabu. Lakini kiongozi asiyetaka kulitazama jambo kwa sababu tu halipendi, hawezi kuliongoza jambo hilo. Litaendelea bila yeye.

Msomaji wa visiwani atauliza Chunya ni wapi. Ni mji ulio kiasi cha kilomita 72 kaskazini ya Mbeya, ng'ambo ya safu ya milima, katika nchi ya miombo inayoelekea Ziwa Rukwa. Dhahabu ya Lupa ilipoanza kuchimbwa huko katika miaka ya 1920, walimiminika Wazungu kwa mamia na vibarua wa Kiafrika kwa maelfu. Mji wa Mbeya wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1927, ulikua kwa sababu ya dhahabu hiyo. Katika miaka ya 1930 mchele na unga vilitoka Rungwe na Usangu kwenda kuwalisha wachimbaji, na vijana wa kila kabila walikwenda Lupa kutafuta fedha ya kodi na ya mahari.

Watu hao walitoka mbali, hawakuwa na jamaa, na jioni walihitaji mahali pa kukaa. Mahali hapo pakawa kilabu cha pombe. Aliyepika pombe alikuwa mwanamke, na mara nyingi mjane au aliyeachwa, asiye na shamba wala kibali cha kuchimba. Alinunua ulezi kwa mkulima, kuni kwa mkata kuni, chungu kwa mfinyanzi na asali kwa mrina nyuki, kisha akailipa serikali ada ya leseni. Dhahabu ya Lupa ilisafiri hadi Ulaya, bali senti ya kopo la pombe ilizunguka Chunya. Ikasomesha watoto, ikaezeka nyumba, ikarudi tena kilabuni.

Na kilabu hakikuwa cha kunywa tu. Hapo mgeni aliuliza kazi, hapo habari za kwao zilimfikia, hapo aliyefiwa alichangiwa sanda. Mwenye fedha kidogo alikaa na mwenye nyingi, kwa maana bei ya kopo haikumfukuza mtu. Ndiyo maana twasema kwamba wanaolilia pombe ya rahisi hawalilii pombe. Wanalilia mahali ambapo mtu wa kipato cha chini aliweza kukaa na wenzake saa mbili bila kuulizwa ananunua nini. Mji usio na mahali kama hapo ni kambi.

Bia ya chupa ina historia nyingine. Kampuni ya bia ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 dola ilichukua sehemu kubwa ya hisa zake, na katika dhiki ya uchumi ya miaka ya mwanzo ya 1980 chupa ya bia ilikuwa adimu kama sabuni na sukari. Mwaka 1993 nusu ya kampuni hiyo iliuzwa kwa wenye mtaji wa Afrika Kusini. Bia ikajaa madukani, na baadaye kiwanda kikajengwa Mbeya kwenyewe. Twakiri kwamba viwanda hivyo vimetoa kazi na kodi. Lakini chupa haikuwa nafuu kwa mchimba dhahabu mdogo wala kwa kibarua wa tumbaku, na fedha anayotoa kwa chupa haikai Chunya hata usiku mmoja.

Pengo lililobaki kati ya chupa asiyoiweza na kilabu kilichofifia likajazwa na viroba, yaani vipakiti vya pombe kali. Kiroba kilikuwa rahisi kuliko bia na kikali mara nyingi kuliko komoni. Kiliingia mfukoni, kikanywewa peke yake, asubuhi, njiani, hata shuleni. Serikali ilifanya vema kukipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Hata hivyo marufuku huondoa kitu, haiondoi haja. Gongo ingalipo, inakerezwa vichakani, haina kipimo wala mkaguzi, na wanaoinywa wamo vijana wenye nguvu ya kujenga taifa.

Yapo pia makosa ya zamani ambayo wenye kukumbuka huyaruka. Vilabuni palikuwa na ugomvi. Mishahara ilinyweka na watoto wakalala njaa. Maji ya kupikia yalichotwa popote. Katika miaka ya ukame nafaka iliyopaswa kuwa ugali iliishia chunguni, hata maofisa wakalazimika kuzuia upikaji. Wahenga walionya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tukiisifu mno pombe ya jana tutaharibu hoja yetu wenyewe. Tunachodai si kurudi nyuma. Twadai yale mema matatu ya kilabu cha zamani, yaani unafuu, uwazi na fedha kubaki nyumbani, yatafutiwe njia katika mji wa leo.

Na mji wa leo hauna udhuru. Dhahabu imerudi Chunya kwa nguvu. Soko la madini lilifunguliwa mwaka 2019, na lami imeivuka milima ya Mbeya na kuendelea hadi Makongolosi. Kwa kila gramu inayouzwa serikali hupata mrabaha, na halmashauri hupata ushuru wake wa huduma. Twauliza kwa heshima: katika fedha hizo, ni kiasi gani kimejenga mahali pa mchimbaji kukaa jioni? Vibanda vya pombe, nyumba za kulala wageni na meza za kamari havikusubiri bajeti. Maktaba, uwanja wa mpira wenye taa na ukumbi wa wananchi ndivyo vinavyosubiri.

Hapa ndipo ndugu zetu wa visiwani wana somo la kuifundisha bara. Unguja na Pemba wanalo baraza. Mtu hukaa juu ya sakafu ya saruji mbele ya nyumba, akanywa kahawa chungu katika kikombe kidogo kwa fedha isiyomtia mtu unyonge, akacheza bao, akasikia habari za siasa, za bei ya karafuu na za msiba wa mtaani. Mzee na kijana hukaa pamoja, na hakuna anayerudi nyumbani akipepesuka. Baraza hutoa yote ambayo mtu wa Chunya analia kuyakosa, isipokuwa kileo. Hiyo ni hoja kubwa: haja ya watu ni kikao, na kinywaji ni kisingizio chake. Yafaa wapimaji wa viwanja vya Makongolosi na Chunya walijue hilo wanapogawa ardhi, wasiache kila hatua ya udongo iwe duka.

Lakini hatutajidanganya kwamba kila mchimbaji atahamia kwenye kahawa. Kwa wale watakaoendelea kunywa, sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliweka leseni na saa za kuuza. Isimamiwe kwa haki, si kwa kuwakamata akina mama siku ya kwanza na kuwaachia kwa chochote siku ya pili. Mama mpika komoni apewe eneo lenye maji safi na choo. Shirika la Viwango na SIDO wamfikie kwa elimu na vipimo, kama wanavyomfikia msindika asali na alizeti. Serikali imewahi kuweka ushuru nafuu kwa kiwanda kinachotengeneza bia kwa nafaka ya nchini isiyo kimea. Ikiwa nafaka yetu ilistahili heshima hiyo ndani ya kiwanda, haikosi heshima ndani ya chungu cha mwanamke aliyeinunua kwa jirani yake.

Tena iko asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mwanamke anayetaka kuacha chungu cha pombe na kufungua mgahawa, duka la unga au banda la kahawa, awe wa kwanza mlangoni. Kumfukuza bila kumpa kazi nyingine ni kumsukuma kwenye gongo.

Chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganisha TANU na Afro-Shirazi kilirithi ahadi kwamba maendeleo ni ya watu, si ya vitu. Dhahabu ni kitu. Siku itakwisha ardhini, kama ilivyopungua huko nyuma hata wageni wakafunga virago. Halmashauri ya Chunya ina bajeti ya kila mwaka, na mji wake ungali na viwanja vitupu. Baraza mbili za saruji zenye paa, karibu na soko la madini, hazigharimu zaidi ya gari moja la ofisi. Tunaomba zianzwe mwaka huu wa fedha.