Mtambo wa Mitaro na Ardhi ya Dodoma

Mtu aliyepata kushika jembe katika udongo wa Ugogo mwezi wa Oktoba hahitaji kuhubiriwa juu ya faida ya mtambo wa kuchimba mitaro. Wakati huo ardhi imekauka kama sakafu, jembe hudunda, na viganja hutoka malengelenge kabla jua halijapanda. Mtu mzima mwenye afya, akipewa udongo wa kawaida, huchimba mita za ujazo 2 au 3 kwa siku nzima. Mtambo wenye kijiko cha mita 1 ya ujazo humaliza kazi hiyo kwa vijiko vitatu, na dereva wake ameketi kivulini. Hilo ni jambo la kushukuru, wala sisi hatumo miongoni mwa wale wanaodhani kwamba jasho lina utukufu wake hata mahali lisipohitajika.

Lakini kabla mtambo haujawashwa yapo maswali mawili ambayo lazima yaulizwe. La kwanza, maji ya mtaro huo yatakwenda wapi? La pili, mwaka ujao nani atauzibua? Haya ndiyo maswali yanayosahauliwa kwa wepesi sana, maana siku mtambo unapofika kijijini watoto hujaa kuutazama, picha hupigwa, na kila mtu huona kwamba maendeleo yamewasili yakinguruma.

Na tuanze na maji. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Si mvua ya kudondoka polepole. Mara nyingi huja alasiri kwa kishindo, ikapiga udongo ulio wazi na kuuziba kama lipu, na maji badala ya kuingia ardhini yakatiririka juu yake. Baada ya saa moja korongo lililokuwa njia ya mbuzi limekuwa mto, na kesho yake asubuhi ni mchanga mtupu. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno idodomya, yaani amedidimia, kwa ajili ya tembo aliyezama katika tope alipokwenda kunywa maji. Madereva wa mitambo waliopata kuingia katika mbuga zetu za udongo mweusi mwezi wa Februari wanaielewa hadithi hiyo vizuri kuliko wanahistoria.

Sasa tazama mashine hii ilikozaliwa. Katika miaka ya 1890, katika jimbo la Ohio huko Marekani, James B. Hill alitengeneza mashine ya mvuke yenye gurudumu la vijiko, nayo ikatumika kukausha kinamasi kikubwa ambacho kilikuwa hakilimiki kwa wingi wa maji. Mwaka 1949, katika mji wa Perry, Oklahoma, Ed Malzahn akatengeneza mashine ndogo ya kuchimba mitaro myembamba ya mabomba ya majumbani. Mwaka 1953 kiwanda cha Joseph Bamford cha Uingereza kikatoa trekta lenye kijiko nyuma na sepetu mbele, ambalo wazao wake twawaona leo kila panapojengwa nyumba au barabara. Mingi ya mitambo hii, basi, ilibuniwa katika nchi ambako maji ni adui wa mkulima, na mtaro mzuri ni ule unaoyafukuza upesi.

Huku kwetu mambo ni kinyume. Maji yakifukuzwa upesi huondoka na udongo, na udongo ukiondoka mkulima hana cha kurithisha. Mtaro ulionyooshwa kutoka juu ya kilima hadi chini, hata ukichimbwa kwa ustadi wa kupendeza macho, ni korongo lililoandaliwa. Mtaro unaotufaa ni ule unaokata kilima kwa ubavu, ukifuata usawa wa ardhi, na kushuka kwa unyenyekevu: katika urefu wa mita 100 usiteremke zaidi ya sentimita 25 hadi 50. Ukizidi hapo maji hukimbia na kuchimba, ukipungua hutuama na kufurika juu ya tuta. Kipimo hiki hakijulikani kwa macho. Chahitaji kamba, pima maji na vijiti, vitu ambavyo bei yake haifiki hata ya tairi moja la mtambo. Hata hivyo tumezoea kuona fedha za mtambo zikipatikana, na fedha za mpimaji zikikosekana.

Tunalo somo la karibu. Katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, mmomonyoko ulikuwa umeila nchi hata makorongo yakawa na kina cha kuficha nyumba. Wakati wa ukoloni wananchi walishurutishwa kufanya kazi za kuhifadhi ardhi, nao wakazichukia kwa sababu ya shuruti yenyewe, kama ilivyotokea Uluguru mwaka 1955, ambako chuki ya matuta ya lazima iliwafikisha watu kukabiliana na polisi. Kisha mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu wote waliuita HADO, kwa msaada wa Sweden. Safari hii hapakuwa na shuruti ya majembe. Palikuwa na mitambo. Katika miaka ya mwanzo mitambo mizito ilijenga makinga maji marefu yakizunguka vilima, miti ikapandwa, na kazi ilikuwa nzuri kutazama.

Lakini tuta jipya ni udongo mtupu, na udongo mtupu haukai pasipo nyasi. Mifugo iliendelea kupita, ikala kila jani lililochipua, ikakanyaga kingo za mitaro, na mvua ikamaliza yaliyosalia. Mitambo nayo ilidai mafuta na vipuri vya fedha za kigeni, katika miaka ambayo fedha hizo zilikuwa adimu. Ndipo mwaka 1979 mifugo yote, zaidi ya 80,000, ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi zikarudi, vichaka vikafuata, na makorongo mengi yakatulia na kuanza kujifunika yenyewe bila ya lita moja ya dizeli.

Hatusemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mwepesi. Kumtenga Mrangi na ng'ombe wake ni kumtenga na maziwa ya watoto, na samadi ya shamba, na mahari ya mwanawe. Kaya nyingi ziliumia, na ilipita miaka 10 kabla ya ufugaji wa ndani kuletwa ili kupunguza maumivu hayo. Lakini yeyote anayetaka kununua mtambo wa mitaro katika mkoa huu angefanya vyema kwanza aende Kondoa akaone ni kipi kilichoponya ardhi ile, na ni kipi kilichosaidia tu.

Wilaya ya Kongwa nayo ina lake la kueleza. Mwaka 1947 Waingereza walileta huko mamia ya matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga. Mizizi ya vichaka ikavunja vyuma, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mchanga wake ukasaga makali ya majembe, na Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Katika wilaya hiyo hiyo, katika kijiji cha Pembamoto, wananchi wamechimba kwa majembe na sururu vishimo vya nusu duara vinavyoyazuia maji ya mvua mpaka yaingie ardhini, na nyasi zimeota ndani yake. Hatuleti mifano hii miwili ili tuicheke mashine. Twaileta kwa sababu vishimo vile vilichimbwa na watu watakaovitunza, na karanga zile zililimwa na watu waliokuwa wakisubiri meli ya kuwarudisha kwao.

Twaongeza jambo moja ambalo wasomaji wetu wengi pengine hawajalisikia. Wataalamu wa kilimo wa nchi nyingi, hata wasiojua neno jingine la Kiswahili, husema fanya juu na fanya chini. Fanya juu ni mtaro wa kontua ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ya kilima, hata baada ya miaka shamba lenyewe likajitengeneza ngazi. Ukitupwa upande wa chini ni fanya chini, nayo ni kazi nyepesi zaidi. Majina haya yamekwenda duniani kutoka Afrika Mashariki, hasa Ukambani, kutoka midomo ya watu wenye majembe.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo kwetu ndilo kubwa. Mwaka 1972 wataalamu wa Sweden pamoja na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa uchunguzi wao wa mabonde manne karibu na Dodoma, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walikuta mabwawa yakijaa udongo kwa kasi ya kutisha, na bwawa la Ikowa lilikuwa limejengwa mwaka 1957 tu. Tena udongo mwingi haukutoka katika makorongo ambayo kila mtu huyaona, bali katika mashamba na malisho yaliyokuwa wazi. Kinacholijaza bwawa ndicho kinachoujaza mtaro. Mtaro wa uwanda wa kati hauhesabiwi kuwa umekamilika siku ulipochimbwa, kwani mvua ya kwanza tu huulaza mchanga wa shubiri nzima.

Na kuusafisha ni ufundi mbali na kuuchimba. Kijiko cha kuchimba kina meno, na kikitumika kusafisha huparua nyasi za kingo na kuongeza kina kila mwaka, hata mtaro wa nusu mita ukawa handaki, na kingo zikaanza kuporomoka. Kwa usafi kinatakiwa kijiko kipana kisicho na meno, kinachozoa mchanga na kuiacha sura ya mtaro kama ilivyopimwa. Greda la barabarani nalo lina dhambi yake: likipita kila mwaka likikwangua ubavu wa barabara bila kufungua mikono ya kutolea maji pembeni, barabara yenyewe hugeuka mfereji. Kisha huja kosa ambalo halihitaji mtaalamu kuliona, nalo ni kuuacha mchanga uliozolewa ukingoni pale pale. Wiki nzima watu wamefanya kazi, mshahara umelipwa, na mvua moja ya saa moja huurudisha mchanga wote ulikotoka. Asiyekuwa na lori la kuuhamisha mchanga hajaanza kazi ya kusafisha mtaro.

Mjini mambo ni mengine tena. Mitaro ya mawe na zege iliyobanwa kati ya kuta na vibanda haiingiliki kwa kijiko, na huko mtambo ni mwanamke au kijana mwenye sepetu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilimpunguzia mzigo, lakini chupa zingali zinakuja, pamoja na mambo mengine ambayo adabu inatuzuia kuyataja. Mtu huyo astahili viatu virefu vya mpira, glavu na ujira unaolipwa mwisho wa mwezi na si mwisho wa subira. Jiji lililokabidhiwa hadhi hiyo Aprili 26, 2018, likiwa na wizara za serikali, haliwezi kumwona msafisha mtaro kuwa kibarua wa dharura anayeitwa maji yakiwa yamekwisha kuingia vyumbani.

Wapo wafanyakazi wanaouogopa mtambo kwa kuwa utawanyang'anya vibarua. Hofu hiyo ina haki yake, na kwa mitaro mifupi ya mashambani tungependa fedha zibaki mikononi mwa wanakijiji. Ila iko kazi moja ambayo tungetamani mikono ya watu iiache kabisa. Mita 1 ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani 1 na nusu. Mtaro wa bomba uliochimbwa wima katika mchanga wetu, ukipita kina cha mita 1 na nusu bila mbao za kuzuia kuta, unaweza kumfunika mtu kabla hajamaliza kupiga kelele, na akifunikwa mpaka kifuani hupumua kwa shida hata kichwa kikiwa nje. Hapo mtambo na uchimbe, na atakayeshuka baadaye kuunga bomba asishuke kabla kuta hazijazuiwa au kulazwa. Msimamizi anayemwambia kibarua kwamba ni dakika mbili tu, ingia utoke, na aingie yeye kwanza.

Kwa halmashauri zinazofikiria kununua au kukodi, ushauri wetu ni wa kawaida kabisa. Bei ya mtambo ni mwanzo wa matumizi. Baada yake yupo dereva aliyefundishwa kusoma vijiti vya mpimaji, lipo fungu la mafuta, vichujio, mipira ya mafuta ya mgandamizo na meno ya kijiko ambayo mchanga wa Dodoma huyala kama muwa, na lipo fungu la kusafisha kila mwaka ambalo lisiguswe kwa ajili ya semina. Vijiji vya jirani vyaweza kutumia mtambo mmoja kwa zamu, mradi zamu hiyo iandikwe na kubandikwa ukutani ili isipindwe na mwenye gari kubwa.

Kisha kuna kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mvua huanza Desemba. Mtambo ukiitwa Januari, baada ya malalamiko, utazama tu kama yule tembo. Septemba mchanga wa mitaroni ni mkavu na mwepesi, mavuno yamekwisha kuingia ghalani, njia zinapitika, na wapimaji wanaweza kuona ardhi yote bila majani. Mabaraza yatakayokaa robo hii ya kwanza ya mwaka yanao muda wa kutosha, kama orodha ya mitaro itasomwa mbele yao kwa majina, mmoja mmoja, pamoja na jina la mtu atakayeulizwa.