Chujio Kwanza, Umaarufu Baadaye

Aliyetunga programu ya kompyuta hajamaliza kazi mpaka aandike na maelezo ya kuitumia. Kwa wanaotumia lugha ya Python, chombo kinachotegemewa sana kwa kazi hiyo ni Sphinx, kilichotolewa na Georg Brandl mwaka 2008. Sphinx huchukua maandishi ya kawaida na kuyageuza kuwa kurasa za kusomwa kwenye intaneti. Sura ya kurasa hizo, yaani rangi, aina ya herufi na mahali pa menyu, hutokana na kifurushi kiitwacho mandhari. Mandhari ni nyingi, na yapo matunzio yanayoonyesha picha za mandhari hizo ili mtu achague. Hapo ndipo mchaguaji anapokwama: picha kadhaa zinazofanana, kila moja ikivutia, na hakuna hata moja inayomwambia kama itamfaa msomaji wake. Anahitaji kusaidiwa kuchuja na kupanga, na msaada huo una utaratibu wake.

Kuchuja na kupanga hutajwa pamoja kama pacha, ilhali ni kazi mbili tofauti. Chekecheke huondoa pumba na kubakiza unga; kupanga hakuondoi kitu, huamua tu kipi kitangulie. Matunzio mengi ya vitu vya mtandaoni hutanguliza kilichopakuliwa mara nyingi zaidi, na hilo nalipinga. Mwaka 2006 watafiti Salganik, Dodds na Watts walichapisha jaribio lililohusisha watu zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Washiriki waligawanywa katika makundi yasiyoonana, na baadhi ya makundi yalionyeshwa idadi ya waliopakua kila wimbo. Wimbo mmoja ulishika nafasi ya 1 katika kundi moja na ya 40 katika kundi jingine, ingawa ni wimbo uleule. Nyimbo zilipopangwa kwa kufuata umaarufu, pengo kati ya zilizopendwa na zilizoachwa lilizidi kupanuka. Mpangilio, basi, humshauri mtu bila yeye kujua kwamba anashauriwa.

Katika mandhari za Sphinx namba za upakuaji zina kasoro nyingine. Mandhari iitwayo Alabaster huja pamoja na Sphinx yenyewe, kwa hiyo kila anayesakinisha Sphinx huhesabiwa kuwa ameipakua, hata kama hataitumia kamwe. Zaidi ya hayo, mitambo inayojenga programu upya kila msimbo unapobadilishwa hupakua vifurushi hivyohivyo tena na tena, na hesabu hupanda bila mtu yeyote kuchagua chochote.

Zipo sifa ambazo hazitegemei kura ya mtu. Je, mandhari inakaa vizuri kwenye skrini ya simu? Ina hali ya giza? Inajengeka bila hitilafu kwa toleo la sasa la Sphinx? Herufi zinasomeka? Hili la mwisho lina kipimo kabisa: miongozo ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, inataka mwangaza wa herufi za ukubwa wa kawaida na wa rangi iliyo nyuma yake uachane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu chenye namba #777777 juu ya weupe hupata 4.48, hakifikii. Kijivu #767676 hupata 4.54, kinapita. Kwenye picha ndogo ya matunzio hakuna jicho litakalovitofautisha, lakini kompyuta huvipima mara moja. Sifa hizo ndizo ziwe machujio.

Wapo watakaosema kwamba umaarufu nao ni ushahidi, kwa kuwa penye watumiaji wengi hitilafu hugunduliwa mapema na msaada hupatikana. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki ufutwe. Uwe njia mojawapo ya kupanga, atakayeutaka auchague. Wengine watahofia kwamba mtu akiweka machujio manne atabaki na ukurasa mtupu. Dawa yake ni nyepesi: kando ya kila chujio iandikwe idadi ya mandhari zitakazobaki, ajue kabla ya kubofya. Ugumu zaidi uko kwenye kuchuja kwa tarehe ya sasisho la mwisho, kwani mandhari iliyokamilika inaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa na ikaendelea kufanya kazi vizuri. Kuijenga upya kwa toleo jipya na kutangaza matokeo kunasema ukweli kuliko tarehe.

Wanaotunza matunzio haya wengi wao hujitolea, na kazi yao inastahili shukrani. Ombi langu kwao ni kwamba mandhari zilizopita kwenye chujio zioneshwe kwanza kwa mpangilio wa nasibu, ili mandhari mpya nayo ionekane. Nawe unayechagua leo, kabla hujakata shauri, fungua mfano wa mandhari hiyo kwenye simu yako, toka nayo juani, usome aya tatu.