Kiangazi cha Lubumbashi na Nyoka Aliyekwama Kwenye Gamba Lake

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, Lubumbashi haioni mvua ya kutajika. Mji uko kwenye nyanda za juu, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Ufikapo mwezi wa tisa joto limerudi lakini mvua bado: nyasi zimekauka, vumbi jekundu limetanda, midomo ya watu inapasuka. Huu ndio msimu ambao mfugaji wa nyoka huona gamba likitoka vipande vipande, au likimganda mnyama mwilini. Wengi hukimbilia kulibandua kwa vidole. Hapo ndipo madhara huanza, kwa sababu gamba lililokwama kwa kawaida ni dalili tu. Shida yenyewe mara nyingi iko kwenye kizimba.

Gamba hutoka vipi

Tabaka la nje la ngozi ya nyoka limejengwa kwa keratini, protini iliyomo pia katika kucha na nywele zetu. Halikui pamoja na mwili, na huchakaa kwa kusuguana na ardhi. Kwa hiyo mwili hutengeneza tabaka jipya chini ya lile la zamani, kisha majimaji ya limfu na vimeng'enya huingia katikati na kuyatenganisha. Nyoka aliyepungukiwa na maji hulifanya hilo kwa shida. Hewa ikiwa kavu pia, gamba la zamani hukauka na kumng'ang'ania kabla hajalivua.

Dalili huja kwa mpangilio. Kwanza rangi hufifia, na kwa baadhi ya nyoka tumbo hugeuka waridi. Kisha macho huingia ukungu wa buluu, kwani nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, nalo hubadilishwa pamoja na mengine. Siku hizo haoni vizuri, hivyo hujificha, hukataa chakula na huwa mwepesi wa kuuma. Baadaye macho hung'aa tena, na mfugaji mgeni hudhani kazi imekwisha, kumbe gamba litatoka siku chache baada ya hapo. Nyoka husugua pua kwenye kitu cha kukwaruza hadi gamba lifunguke mdomoni, kisha hutambaa akilitoka huku likigeuka ndani nje kama soksi. Shughuli nzima huchukua wiki moja hadi mbili. Nyoka mdogo anayekua huirudia takriban kila baada ya wiki nne hadi sita. Mzima hujivua mara chache kwa mwaka.

Gamba la nyoka mwenye afya aghalabu hutoka zima, kutoka puani hadi ncha ya mkia. Hutanuka linapovuliwa, hivyo usilitumie kupima urefu wa mwenyewe.

Porini hujisaidia vipi

Katanga, eneo ulimo mji wa Lubumbashi, ina nyoka wengi. Mtaalamu wa Ubelgiji Gaston-François de Witte aliongoza uchunguzi katika Hifadhi ya Upemba kati ya 1946 na 1949, na kitabu chake kuhusu reptilia wa huko kilitoka mwaka 1953. Nyoka hao wote huvuka kiangazi kilekile kinachotupasua midomo, kwa kuwa wana mahali pa kukimbilia. Chatu wa kusini, Python natalensis, hukaa karibu na maji na hujilaza humo. Wengine huingia kwenye mashimo ya wanyama na nyufa za vichuguu. Anayetoka Lubumbashi kwa barabara yoyote ataviona vichuguu vikubwa vya mchwa Macrotermes falciger, vyenye urefu wa mita kadhaa. Chini ya udongo wa namna hiyo joto halipandi wala kushuka ovyo, na hewa ina unyevu kuliko juu.

Nyoka aliyefungiwa kwenye kizimba cha kioo hana pa kukimbilia. Mfugaji ndiye anayepaswa kumtengenezea shimo lake.

Kazi ya mfugaji

Anza na maji. Weka bakuli zito, pana kiasi cha nyoka kuweza kujikunja ndani yake, na ubadilishe maji kila siku. Pima unyevu wa hewa kwa haigromita badala ya kukisia. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, ambaye hufugwa sana duniani, anahitaji unyevu wa asilimia 50 hadi 60, na zaidi kidogo macho yanapoingia ukungu.

Kisha tengeneza maficho yenye unyevu. Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko, toboa tundu la kumpitisha nyoka bila kumkwaruza, na utandike ndani kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa. Kibadilishe mara kwa mara kisiote ukungu. Usiloweshe kizimba kizima, maana nyoka anayelala kwenye majimaji muda wote hupata malengelenge na maambukizi ya ngozi. Mwekee pia jiwe au gome la mti la kusugulia pua.

Joto nalo lina nafasi yake, kwa sababu mwili wa nyoka aliyepoa hufanya kazi polepole. Umeme ukikatika usiku wa mwezi wa saba, funika kizimba kwa blanketi ukiacha nafasi ya hewa, na uweke kando yake chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa. Usiingize mbabula ya makaa chumbani. Moshi wake humdhuru nyoka, na hewa yake ya sumu, isiyo na harufu, huua watu waliolala.

Katika siku za macho ya ukungu, usimlishe wala usimshikeshike.

Likishakwama

Mlaze kwenye chombo chenye maji ya vuguvugu, nyuzi 27 hadi 30, yasiyozidi unene wa mwili wake, kwa dakika 20 hadi 30, nawe ukae naye muda wote. Halafu mwache atambae katikati ya taulo lenye unyevu, alivue gamba mwenyewe. Lisipotoka lote, rudia kesho yake. Usivute gamba lisiloachia, kwani ngozi mpya iliyo chini huchanika na kuoza. Usipake mafuta ya kupikia wala ya mwilini.

Chunguza sehemu mbili kwa makini. Ya kwanza ni ncha ya mkia, ambako pete ya gamba la zamani ikibaki hubana damu isipite hadi ncha ife. Ya pili ni macho. Kifuniko cha jicho kikibaki, usikiguse kwa kibano wala kwa kucha, maana jicho linaweza kupotea. Ongeza unyevu, na kisipotoka katika zamu inayofuata, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mpeleke pia ikiwa gamba linakwama kila mara, au ukiona utitiri, yaani vijidudu vyeusi vinavyotembea chini ya magamba na kuzama kwenye bakuli la maji. Lubumbashi ina kitivo cha tiba ya wanyama katika chuo kikuu cha UNILU, kwa hiyo mji hauna upungufu wa watu wa kuuliza.

Maelezo haya ni ya nyoka asiye na sumu. Kifutu na swila si wanyama wa kufugwa nyumbani, na katika siku ambazo hawaoni vizuri sumu yao ni ileile. Chatu nao wamo katika mkataba wa CITES, ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliuridhia mwaka 1976. Biashara yao ya kimataifa inahitaji kibali, na kabla ya kuchukua nyoka yeyote wa porini uliza ICCN, taasisi ya nchi ya uhifadhi wa mazingira asilia, sheria inasemaje.

Ukimkuta nyoka wako amevaa gamba lililokauka, weka mikono yako mbali na ushike haigromita. Mpe maji, joto na siku chache. Kujivua anakujua mwenyewe.