Kipande cha gazeti chini ya paa

Paa lilikuwa limelazwa chali chini ya mparachichi, limejaa maji ya mvua ya usiku, na kuku wawili wanakunywa humo. Nilikuwa nimeingia kwenye gereji hiyo ya Unga Limited, Arusha, kurekebishiwa komeo la mlango, kazi ya nusu saa. Nikakaa hadi saa kumi jioni. Paa zima la HiAce, bila gari chini yake, si kitu cha kupita ukaendelea na safari.

Gari lenyewe lilishaondoka na paa jipya la kuinuka. Hapo uani palikuwa na HiAce nyingine, nyeupe, bado nzima, imechorwa mstari wa chaki kuzunguka paa. Mwenyewe, baba wa watoto wawili, alitaka gari la kulala na familia safarini. Alikuwa njia panda: aweke paa la kuinuka, au paa refu la faibaglasi lisilofunguka? Fundi alikataa kushika grenda mpaka mteja aamue.

“Bati si kitambaa, mdogo wangu,” alimwambia. “Nikishakata, sina uzi wa kulishonea.”

Wazo lenyewe si geni. Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza samani za kulala ndani ya Volkswagen mwaka 1951. Waingereza wa mji wa Folkestone wakaja na Dormobile, paa lake likifungukia upande mmoja na kukunjua turubai la mistari. Sisi wa Arusha tumekulia kwenye Land Cruiser za utalii, paa juu, wageni wamesimama na kamera. Ila paa la kutazamia simba halifanyi kazi sawa na paa la kulalia.

Fundi alianza na tepu. HiAce ya paa la kawaida ina kimo cha kama mita 1.98. Inayotoka kiwandani na paa refu hukaribia mita 2.28. Ni sentimita 30 tu, anasema, lakini ndizo zinazokusimamisha mbele ya kile chuma kinachoning'inia kwenye maegesho ya chini ya majengo ya Dar es Salaam na Nairobi. Ndizo zinazokwaruzwa na matawi ya migunga, na ndizo zinazoyumba basi la mkoani likikupita kwa kasi. Na pamoja na yote hayo, ndani ya hilo la kiwandani mtu mzima bado anainama.

La kuinuka linakupa kimo ukikihitaji, na asubuhi unakirudisha. Linakupa pia kitanda cha juu chenye upepo. Lakini ukuta wake ni turubai. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai haibishi hodi kwenye turubai. Ukilikunja likiwa na umande, ukalisahau siku mbili, linaota ukungu. Na tembo akiingia kambini usiku, mwenye paa refu anawasha gari na kuondoka. Mwenye turubai ana watoto wa kushusha kwanza.

Yote hayo niliyaandika haraka. Kilichonikaa kichwani ni raba.

Fundi alituita kwenye Land Cruiser iliyoletwa kwa matengenezo. Akachana gazeti kuukuu, kipande cha upana wa vidole vitatu, akakilaza juu ya raba inayozunguka tundu la paa, nusu ndani, nusu nje. Akashusha paa, akabana makomeo yote manne, kisha akavuta. Karatasi ikagoma, ikachanika. Akatikisa kichwa kukubali. Akasogea shibiri moja, akaweka kipande kingine, akavuta. Safari hii kikatoka kizima, kimeteleza kama barua chini ya mlango. Akapiga alama ya chaki.

Alizunguka paa lote hivyo, bila haraka, shibiri kwa shibiri. Alipomaliza kulikuwa na alama saba, tano zikiwa kwenye kona za mbele. Kona huchoka kwanza, anaeleza, kwa sababu hapo raba imepindwa. Kisha vumbi laini hukaa katikati, na barabara yenye matuta madogo madogo inalisugua mchana kutwa kama msasa. Maji hayahitaji tundu. Yanahitaji raba iliyochoka. Yanaingia kimyakimya, yanafuata nguzo ndani ya bati, na unakuja kuyajua kwa madoa ya kutu kwenye mshipi wa kiti, miezi baadaye.

Tiba yake ni ndogo mno: kitambaa chenye unyevu kila jioni, na silikoni kidogo. Si grisi, kwa kuwa mafuta hayo hula raba. Ni dakika tano, ila ni kila jioni, hata ukiwa hoi, hata watoto wakilia njaa.

Ndiyo maana anasema humpima mteja kabla ya gari. Bila kusema neno, alifungua mlango wa ile HiAce nyeupe na kupitisha kidole kwenye raba yake. Ilikuwa imechanika chini, imeshikizwa kwa utepe wa fundi umeme. Mwenye gari aliinamisha macho. Sidhani alikuwa mzembe. Alikuwa mtu mwenye kazi nyingi, kama wengi wetu, na fundi alimwona hivyo hivyo, kwa huruma.

Nilibaki na swali langu. Chini ya bati la paa kuna mbavu za chuma zinazoshikanisha kuta mbili za gari. Kuweka paa lolote kati ya haya mawili maana yake ni kuzikata. Fundi huchomelea fremu ya paipu kuzunguka tundu, na kazi yake ni nadhifu, nimeishika kwa mkono. Lakini gari likipinduka, itahimili?

Alikaa kimya kidogo, kiganja kikiwa juu ya ubavu wa gari. Anaamini itahimili, akasema. Hajawahi kuona ikijaribiwa, na wala haombei. Kisha akaniambia kuwa katika miaka yake yote ya kazi, wateja humuuliza rangi ya turubai.