Gunia la mchele au gunia tupu? Kiingereza cha ankara kinavyowatega wafanyabiashara wa mipakani

MFANYABIASHARA anayevusha mchele kutoka Tanzania kwenda Kenya kupitia Namanga akisema ana "magunia 20 ya mchele", dereva anamwelewa, mchukuzi anamwelewa, hata afisa wa forodha anamwelewa. Tabu huanza pale maneno hayo yanapogeuzwa Kiingereza kwenye ankara na kuwa "20 rice bags".

Kwa Kiingereza, "bags of rice" ni magunia yenye mchele ndani. "Rice bags" ni magunia ya kuwekea mchele, na msomaji anaweza kabisa kuyahesabu kuwa matupu. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, mchele uko kwenye namba 10.06, ilhali magunia ya kufungashia yako 63.05. Kwa hiyo karatasi inataja vifungashio na lori limebeba chakula. Ikumbukwe kuwa mchele umo katika orodha ya bidhaa nyeti za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ule unaotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa juu kuliko kawaida. Si bidhaa ya kuandikiwa maelezo ya kubahatisha, hasa kwa mtu ambaye mzigo wake wote ni mtaji wake wote.

Chanzo cha kosa hili ni Kiswahili chenyewe, ambacho kwa neno moja dogo hufanya kazi nyingi. Gari la Juma ni mali ya Juma. Gari la mizigo si mali ya mizigo. Mafuta ya nazi yamekamuliwa kwenye nazi, lakini mafuta ya nywele hayakukamuliwa kwenye nywele. Tunaelewana kwa sababu tunaijua dunia, na tukiwa na shaka tunaongeza: gunia tupu, gunia la kuwekea mchele.

Kiingereza hugawa kazi hiyo. Mali ya mtu hupewa ritifaa, kile kialama cha juu tunachokiona kwenye ng'ombe, pamoja na herufi s: "Juma's lorry". Aina ya kitu haihitaji alama hiyo. Jina huwekwa tu mbele ya jina jingine na kufanya kazi ya kivumishi: "cargo lorry", "tomato paste", "shoe shop". Jina hilo la mbele kwa kawaida hubaki katika umoja hata kama viatu dukani ni mia tatu, ingawa machache kama "customs" na "goods" hushikilia s yake.

Anayetia ritifaa kila mahali huishia kuchekesha. "Fish meal" ni unga wa samaki unaotiwa kwenye chakula cha mifugo. "Fish's meal" ni mlo wa samaki mwenyewe. Wenye mitumba nao wana lao: nguo na viatu vya wanaume, wanawake na watoto huandikwa "men's", "women's" na "children's", na hapo ritifaa haiachwi.

Taasisi ambazo wafanyabiashara hukutana nazo kila siku ni somo tosha. Kenya Revenue Authority, Uganda Revenue Authority na Tanzania Ports Authority zimebeba jina la nchi bila ritifaa. Nchi imetumika kuitambulisha mamlaka. Mashirika ya viwango yamechanganya njia mbili: Kenya Bureau of Standards, nchi mbele na "of" katikati.

Pa kuwa makini zaidi ni kwenye jina la chama au kampuni. "Traders Association" ni chama cha wafanyabiashara. "Traders' Association" ni hicho hicho kwa mwandiko mwingine. "Trader's Association", kwa sarufi, ni chama cha mfanyabiashara mmoja. Hata hivyo, kwenye fomu sarufi haina kauli: jina hunakiliwa kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, liwe sahihi au limekosewa, ili benki na forodha wasione majina mawili.

Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa mwaka 1999 ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anayetumia cheti rahisi cha uasili anaongea Kiswahili njia nzima, kisha anajieleza kwa Kiingereza dirishani. Ni mpangilio wa ajabu.

Wanaopita Kabanga kuingia Burundi kupitia Kobero hukutana na Kifaransa, nacho kimelitatua jambo hili kwa neno dogo la katikati: "tasse de thé" ni kikombe chenye chai, "tasse à thé" ni kikombe cha kunywea chai, hata kikiwa kitupu.