Teke la Milimita 10: Springi Inasingiziwa

Mwindaji wa Marekani akinunua bastola ya nusu otomatiki ya milimita 10, mara nyingi haimalizi wiki kabla hajaanza kuichokonoa. Na kitu cha kwanza kubadilishwa huwa springi. Sababu anayoitoa ni moja: risasi hii ina nguvu mno, kwa hiyo springi ngumu ndiyo itakayoibana bastola isifunguke mapema. Maelezo hayo yanaingia akilini vizuri. Hesabu, hata hivyo, inayakataa.

Tuanze na risasi yenyewe. Iliingia sokoni mwaka 1983 pamoja na bastola ya Bren Ten, na Jeff Cooper, mwalimu mashuhuri wa bastola, alikuwa na mkono katika mradi huo. Kampuni iliyoitengeneza bastola hiyo ilifilisika mwaka 1986, na risasi nayo ingezikwa pamoja nayo kama kampuni ya Colt haingeleta bastola yake ya Delta Elite mwaka uliofuata. Baadaye bastola ya Glock 20 ikaipeleka risasi hiyo mbali zaidi. Doria ya Denmark iitwayo Sirius, inayozunguka Greenland kwa sleji za mbwa, huibeba Glock hiyo kwa ajili ya dubu wa barafuni.

Katika vipimo vya awali, kichwa cha risasi chenye gramu 13 kilitoka mtutuni kwa kasi ya mita 366 hivi kwa sekunde. Hiyo ni nishati ya takriban jouli 870, inayotosha kumwangusha kulungu au nguruwe mwitu aliye karibu. Bastola nayo lazima irudi nyuma, kwa sheria ya Newton. Momenta (uzito mara kasi) ya kinachokwenda mbele inalingana na ya kinachorudi nyuma, ila nishati haigawanywi sawa. Bastola yenye kilo 1.1 pamoja na risasi zake hurudi kwa mita 5 hivi kwa sekunde, ikiwa na nishati isiyofika jouli 15. Kitu chepesi hubeba karibu nishati yote. Ndiyo maana mpigaji anabaki na kiganja chake.

Sasa turudi kwenye springi. Juu ya bastola kuna kipande cha chuma kinachoteleza, mafundi hukiita slaidi. Risasi inapolipuka, slaidi na mtutu huwa vimefungamana, na pamoja vina uzito wa karibu nusu kilo. Risasi hupita mtutuni kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde. Ukilinganisha gramu 13 na gramu 500, utaona kwamba risasi inapotoka, slaidi imesogea milimita 2 au 3 tu. Hapo gesi imeshapata njia ya kutoka na shinikizo linashuka. Ndipo mtutu unapoinama, unaachana na slaidi, na ganda tupu linatupwa nje. Mpango huu wa mtutu unaoinama ni wa John Browning, na umeishi zaidi ya karne moja.

Springi ya kiwandani ina nguvu ya kilo 8 hivi. Kwa muda mfupi kiasi hicho, haiwezi kula hata asilimia 2 ya momenta ya risasi. Kinachoibana bastola ni uzito wa chuma, yaani inesha. Kazi ya springi huja baadaye: kuipunguza kasi slaidi isigonge fremu, kisha kuirudisha mbele na kusukuma risasi nyingine ndani. Ukiweka ngumu kupita kiasi, slaidi hurudi haraka kuliko magazini inavyoweza kuinua risasi, na bastola inakwama. Kukwama mbele ya nguruwe aliyejeruhiwa si jambo la kutamani.

Pesa, kwa maoni yangu, ziende kwenye kulenga. Glock 40, ambayo nayo ni ya milimita 10 lakini ni ndefu, ina umbali wa milimita 208 kati ya vilengeo viwili. Glock 20 ina takriban 172. Kilengeo cha mbele kikipotoka nusu milimita tu, kwa mita 50 risasi itakosea sentimita 12 kwa bastola ndefu na karibu 15 kwa fupi. Slaidi hiyo ndefu pia ni nzito zaidi, kwa hiyo inatoa bure kile ambacho mnunuzi wa springi alikuwa akikitafuta. Kilengeo cha doti nyekundu huondoa kabisa tatizo la kupanga vitu viwili mbele ya jicho, na mzee ambaye macho yake hayaoni tena kilengeo cha karibu atakishukuru.

Kifyatulio ndicho ningekigusa mwisho, tena kwa fundi mwenye leseni. Na akitaka kukilainisha, muulize kwanza: bastola hii ikiniponyoka ikaanguka juu ya mwamba, itafyatuka?